Kahawa ya Wakwe

JOVINA: Haloo? Nani mwenzangu?

MZEE THEONEST: Ni baba yako.

JOVINA: Eh, baba! Shikamoo. Simu mpya hii, majina hayamo.

MZEE THEONEST: Marahaba. Sitakuchelewesha. Ile mashine ya kahawa uliyoileta hapa Chanika siku ulipotoka kwa mumeo inaunguza kahawa. Tangu asubuhi ninamwaga tu.

JOVINA: Kioo kinasoma nyuzi ngapi?

MZEE THEONEST: Tisini na sita. Niliipandisha mwenyewe. Kwetu Kamachumu kahawa huchemshwa.

JOVINA: Baba nawe! Hiyo haichemshwi, inapitishiwa maji tu—

MZEE THEONEST: Usinicheke. Nimechoka.

JOVINA: Sicheki. Shikilia kitufe cha mvuke. Taa ikikonyeza, shusha mpaka tisini na moja.

MZEE THEONEST: Subiri... Imeshuka.

JOVINA: Usitie kahawa bado, chuma cha ndani kina moto. Pitisha maji matupu kwanza... Haloo? Unakatika. Kwani mgeni nani? Wewe daktari si alishakukataza kahawa?

MZEE THEONEST: Mumeo Ansbert anakuja na baba yake. Wanataka urudi.

JOVINA: [mlango unafungwa]

MZEE THEONEST: Jovina?

JOVINA: Nipo.

MZEE THEONEST: Desturi ya nyumba yetu unaifahamu. Wakwe wakija kudai mke, nikawapa kahawa kwa mkono wangu, nimewakubalia.

JOVINA: Kwa hiyo umeshakubali.

MZEE THEONEST: Uliapa mbele ya altare, nami nilikuwepo. Sikulelewa kuvunja viapo.

JOVINA: Sawa, baba. [pumzi] Ikitoka chungu, shusha tena kidogo. Ikitoka chachu, pandisha.

MZEE THEONEST: Mkono wako umeanza kunyooka?

JOVINA: Kidogo. Gauni bado nafungiwa na Flaviana, huyu shoga yangu wa Mbezi ninayekaa kwake.

MZEE THEONEST: Uliniambia uliteleza bafuni.

JOVINA: Ndiyo, nilikuambia.

MZEE THEONEST: Sasa ninakuuliza mbele ya Mungu. Uliteleza?

JOVINA: Baba, wageni wako watakuku—

MZEE THEONEST: Nimekuuliza.

JOVINA: Hapana, baba.

MZEE THEONEST: [mtandao unakwaruza] ...wanapiga hodi. Kitufe cha kuizima ni kipi?

JOVINA: Kuizima? Si ndiyo kwanza—

MZEE THEONEST: Kipi, mwanangu?

JOVINA: Cha nyuma, mkono wa kulia.

MZEE THEONEST: Nimekiona. Wewe baki hapo kwa Flaviana. [mbali na simu] Karibu, Ansbert. Mzee mwenzangu, keti. Leo nitawapa maji.