Mama Endelea Anatoka Chumba Namba Nne

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Kiingereza katika shule hii, mwalimu tunayemwita Mama Endelea anastaafu. Alipoanza kazi, chumba namba nne kilikuwa na madirisha yasiyo na vioo na ubao uliobonyea katikati, kiasi kwamba kila sentensi ndefu ililazimika kushuka bondeni na kupanda tena. Wanafunzi wake wa mwaka ule sasa wana mvi, na wawili kati yao ni walimu wenzake hapa hapa. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni mkuu wa idara ya lugha, alimkuta yeye ndiye mwenyeji.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu ya somo alilolipenda kuliko yote: namna Kiingereza kinavyolisema jambo la kuendelea. Sisi tuna kitenzi chetu kimoja, tunakifunga na "na", tunaendelea na kazi, mambo yamekwisha. Waingereza, alikuwa akisema, wameugawa mzigo huo kwa vitenzi chungu nzima, na kila kitenzi kina kihusishi chake, vimeshikana kama chanda na pete. Kibadilishe kihusishi, na habari yote imebadilika. "Carry on with" ni kuendelea na shughuli uliyonayo mkononi. "Go on to" ni kuimaliza hiyo na kuingia nyingine. "Press on with" ni kukaza mwendo ingawa mambo ni magumu. "Keep up with" ni kwenda sambamba na mtu asikuache nyuma, na "keep on at" ni kumwandama mtu kwa maneno mpaka achoke.

Hayo mawili ya mwisho yalimponza mkuu wetu mmoja wa zamani, ambaye siku hizi huisimulia habari hii mwenyewe kwa kicheko. Siku ya wazazi, akitaka kuahidi kwamba shule itakwenda sambamba nao, alitangaza kwa Kiingereza kizito kuwa tutawaandama wazazi kwa maneno mwaka mzima. Wazazi wakapiga makofi. Mama Endelea peke yake aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Kesho yake alimpelekea mkuu kadi mbili ofisini, moja ya "keep up" na moja ya "with", na hakumwambia mtu.

Kadi za namna hiyo ndizo zilizokuwa jembe lake. Alizikata kwenye maboksi ya chaki, vitenzi akaviandika kwa wino mweusi na vihusishi kwa mwekundu, akazitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyotoka ukuta huu hadi ule. Mumewe, fundi redio mwenye kibanda nyuma ya soko, anasema kwao nguo zimeanikwa bila vibanio tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe, na huyo mtoto sasa ana watoto wake.

Hakuwa mtu wa kuanza na kanuni. Alianza kwa kuwapa watu kazi. Huyu afute madirisha, yule achonge penseli, wale wakunje karatasi. Kazi ikikolea, anapiga makofi mara moja, na wote wanakoma pale pale, mkono hewani. Atakayenyooshewa kidole aseme kwa Kiingereza alikuwa akifanya nini na ataendeleaje, kisha aende kwenye kamba akabane kadi mbili zinazofaa pamoja. Akikosea hachekwi, anarudia. Ndiyo maana chumba namba nne kilikuwa na madirisha safi kuliko yote shuleni, na mfagizi wetu alikuwa akimwombea dua hadharani.

Somo lilivuka hata dirisha. Mlinzi wa lango, ambaye kiti chake kiko chini ya ukuta wa chumba hicho, alisikiliza miaka mingi bila kusajiliwa. Asubuhi moja mwandishi alifika kengele ikiwa imeshalia. Mlinzi alifungua lango taratibu, akamruhusu kwa Kiingereza kilichonyooka aendelee na uchelewaji wake. Kihusishi kilikuwa sahihi. Mwandishi akaingia zake.

Tuyataje na mengine, maana hakuyataja yeye. Aliasisi klabu ya mdahalo iliyo hai hadi leo. Alisimamia mitihani ya idara miaka sita bila karatasi hata moja kuvuja. Walimu vijana watatu walijifunzia kazi kwake, na wote bado wanafundisha, jambo ambalo siku hizi si dogo.

Hapa sina budi kuacha kujiita mwandishi. Linalofuata nililifanya mimi.

Miaka miwili iliyopita alipasuliwa koo. Alirudi baada ya wiki saba na sauti ya mtu anayenong'ona nyuma ya mlango, na daktari alikuwa amemwambia haitapona zaidi ya hapo. Nikamwandikia mkuu wa shule barua, nikipendekeza mwalimu huyu ahamishiwe maktaba "kwa kuzingatia afya yake". Nakala nikampa mwenyewe. Nilidhani atashukuru.

Hakushukuru, wala hakulalamika. Aliniomba tu niingie darasani kwake Jumatano, kipindi cha tatu, nikae nyuma.

Wanafunzi arobaini na sita walikuwa wameyapanga madawati nusu duara ili awe karibu na kila mmoja, na hakuna aliyewaagiza. Sauti yake haikunifikia. Makofi yake yalinifikia, na wote walikoma kama ilivyokuwa siku zote. Binti mmoja aliyekuwa akishona kifungo cha shati alisimama akasema sentensi yake, akaweka kihusishi kisicho chake. Mwalimu hakusahihisha. Aliinua macho kwenye kamba, basi. Darasa zima likangoja, hata mimi nikajikuta nimeshika ukingo wa dawati, mpaka yule binti alipokwenda akachomoa kadi nyekundu, akabana nyingine, akarudia na sentensi ikanyooka. Kwa dakika arobaini wanafunzi ndio waliosema Kiingereza. Darasani kwangu, mimi mwenye sauti ya mnadi, dakika hizo zote husema mimi peke yangu.

Kengele ilipolia alinifuata mlangoni. Ilibidi niiname ili nimsikie.

"Mdogo wangu, nimeishiwa sauti, sijaishiwa somo," alisema. "Niachie miaka yangu miwili iliyobaki. Nikishindwa nitaondoka mwenyewe."

Nilikwenda kuiomba barua yangu. Mkuu wa shule alinitazama juu ya miwani, akasema amekuwa akiingoja siku ambayo ningeona haya, kisha akaitoa kwenye droo. Miaka miwili ikapita kama alivyoomba. Matokeo ya mtihani hayakupaa mbinguni, wala hayakushuka. Alifundisha hadi kipindi cha mwisho, na hakuwahi kunikumbusha barua ile hata kwa utani, naye ni mtu wa utani.

Kwa hiyo naikumbusha mimi. Dada, niliandika kuwa ni kwa ajili ya afya yako. Haikuwa kweli. Koo lako sikuliwaza hata kidogo. Niliogopa matokeo ya idara yangu yangeshuka na jina langu likawa juu yake. Nimeishi na jambo hili miaka miwili nikikupita ukumbini kila asubuhi, nawe ukiniuliza watoto wangu hawajambo. Leo, mbele ya walimu, wanafunzi na mumeo, nakuomba radhi.

Kwa niaba ya idara na shule nzima, ahsante kwa miaka thelathini na mitatu. Tunakuombea afya, mapumziko na nyumba yenye wajukuu wengi wa kukuchosha. Unatoka darasani siku uliyoijua mwenyewe, kwa miguu yako, na safari hii hakuna aliyekuandikia barua.