Bosi Anayeongea Mwisho

Namuria, meneja wa shirika moja la maji mjini Lodwar, alipanda Probox ya abiria kwenda Kakuma kwa sababu dereva wake alidai gari la ofisi limeharibika. Alijifunika shuka, akajifanya amelala. Nyuma yake, mpishi wa ofisi ya Kakuma, Awoi, alikuwa akimsifia bosi wake kwa abiria asiyemjua.

"Kwetu kwa mkutano mpishi ndiye anaongea kwanza. Halafu mlinzi. Lochakapong anaongea mwisho, tena kidogo."

Namuria akafumbua jicho moja. Lochakapong alikuwa karani wake Lodwar. Namuria mwenyewe ndiye aliyemhamishia Kakuma, asimamie ofisi ndogo ya huko, kwa kosa la kucheka na walinzi getini.

"Huyo ni mwoga," akasema yule abiria. "Mkishamzoea bosi, kazi itafanywa na nani?"

Namuria alitamani kumlipia nauli.

"Mbona basi watu wa Lodwar wanaomba kuhamia kwetu?" akauliza Awoi.

Maombi hayo Namuria aliyapitisha mwenyewe, akidhani wanafuata marupurupu. Wivu ukamfanya avute shuka hadi usoni.

Awoi na yule abiria walikuwa bado wanabishana gari liliposimama Kakuma. Lochakapong alikuwa pale na pikipiki, amemjia mpishi wake. Akapokea mzigo wa Awoi, kisha akamwona Namuria.

"Ejok, mama," akamsalimu kwa Kiturkana, kwa furaha ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Wewe nani anakuja kukuchukua?"

Namuria akatoa simu, akapitia majina moja moja mpaka yakaisha, bila kupata wa kumpigia.