Walimfuata Kigeugeu

Ndugu wafiwa, majirani, mliofanya naye kazi kwenye karakana ya matairi, na nyinyi mliokuja na magitaa mgongoni, nimesimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi dada yake mkubwa, fundi cherehani, niliyezoea kuongea na kitambaa kuliko na watu, kwa hiyo nikisita mnivumilie, na nikiwa mkali mnivumilie vilevile, maana ndivyo nilivyo na marehemu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nimeambiwa kwamba tangu asubuhi pale getini kuna ubishi, wengine wakisema marehemu alikuwa mtu wa roki, wengine wa bluzi, wengine wa muziki wa kucheza, na kwamba wawili nusura washikane mashati, nami naomba ubishi huo uachwe hukohuko nje, kwa sababu yeye mwenyewe aliulizwa swali hilo maisha yake yote hakulijibu, na leo ndiyo kabisa. Upo na ubishi mwingine, huu wa ndani, kwamba kwenye kikao cha familia baadhi yetu walitaka bendi yake isitajwe kwenye shukrani, wakaniomba nikifika hapo niruke, nami sikukubali wala sikukataa, nikasema nitaamua nikifika.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Kigeugeu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika chumba cha pili cha nyumba hii, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa baba yetu dereva wa treni ya mizigo, na mama yetu ambaye kazi yake ilikuwa sisi. Jina hilo alipewa na gazeti, si na wazazi wake, na mama alilichukia mpaka anaingia kaburini, akisema hakumzaa mtoto ili aitwe mnafiki, lakini mwenyewe alilivaa kama koti lililokatwa kwa vipimo vyake, na sisi nyumbani tukaishia kulitumia.

Alianza masomo ya msingi mwaka 1968 katika shule iliyo ng'ambo ya reli, akaendelea na sekondari mwaka 1975 na kumaliza mwaka 1978, na juu ya masomo yake sina mengi ya kujivunia, isipokuwa kwamba kila muhula alibadili mwandiko, mara herufi zimelala, mara zimesimama, mara ndogo mpaka unatafuta miwani, hata mwalimu mmoja akamwita baba akidai kuna mtu anamfanyia kazi zake za nyumbani, baba akarudi amekasirika, akampa kalamu aandike mbele yake, naye papo hapo akaandika mwandiko wa nne ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Baba alicheka, na mama akasema huyu mtoto atatusumbua.

Januari 1980 aliajiriwa kwenye karakana ya kuhuisha matairi, akipiga msasa matairi yaliyokwisha na kuyavisha mpira mpya, kazi aliyoifanya mchana kwa miaka mingi hata alipokuwa anasikika redioni, maana muziki haukumlisha, na anayedhani ulimlisha aje nimwonyeshe viraka vya suruali zake. Mwenye karakana, Mungu amrehemu, alimruhusu kutumia stoo baada ya kazi, kwa sababu matairi yaliyopangwa mpaka darini yanameza kelele, na hapo mwaka 1982 ndipo ilipozaliwa Bendi ya Stoo, yeye akipiga gitaa na kuimba, pamoja na mpiga besi na mpiga kinanda ambao nawaona pale chini ya turubai, na mpiga ngoma tunayemwita Nyundo, ambaye hakuingia ndani ya turubai, nasikia amesimama kwenye bomba la maji.

Mimi muziki wao niliujua kwa njia ya cherehani. Walipoanza walikuwa watu wa roki nzito, magitaa yananguruma mpaka vioo vya majirani vinatetemeka, nikawashonea mashati meusi na suruali zinazobana kiasi kwamba mpiga besi hakuweza kuinama, na watu wakawapenda, ukumbi ukawa unajaa. Mwaka 1986, wakati mtu mwenye akili angekaa hapo hapo ale matunda yake, marehemu alikuja dukani kwangu na kitambaa cheupe chepesi, akasema nishone mashati mapana yasiyo na kola, nikajua kumekucha, na kweli usiku huo wa kwanza walipanda jukwaani na nyimbo za polepole, kinanda mbele, gitaa likinong'ona, na mashabiki wa mashati meusi wakawarushia chupa. Kovu la kwenye unyusi wake, ambalo baadhi yenu mlidhani ni la ujana wa ugomvi, ni la chupa hiyo, na shati lile jeupe nilililoweka mara nyingi damu haikutoka.

Mwaka 1993 vikaja vitambaa vya rangi na muziki wa kucheza, wale waliokwisha kuyazoea mashati meupe wakalia kwamba wamesalitiwa, na mwaka 2004 zikaja ovaroli za kawaida za karakana, na nyimbo zisizo na maneno kabisa, ngoma na besi zinakwenda kama mashine ya kukata mpira, na hapo hata mimi niliyemlea nilimwambia sasa umezidi. Muuza kanda wa kona ya soko aliwahi kuniambia kwamba alihamisha kazi zao kutoka rafu ya roki kwenda rafu ya bluzi, akazihamishia kwenye muziki wa dansi, wateja wakizirudisha wakisema wameuziwa kitu kingine, mwisho akachoka, akaziweka kwenye kaunta pamoja na betri za tochi. Marehemu alipolisikia hilo alifurahi wiki nzima, akasema hatimaye wamepata mahali pao.

Naomba sasa mnisikilize kwa makini, maana yanayofuata hayaeleweki bila hili. Bendi hiyo ilikuwa na sheria moja, waliyoiweka wenyewe ndani ya stoo, kwamba mmoja wao akigeuza muziki, hata katikati ya wimbo, hata mbele ya watu, wengine wamfuate hapo hapo, hakuna kusimama, hakuna kuuliza, na aliyesimama kuuliza alifagia stoo juma zima. Kwa njia hiyo walibadilika bila kukaa vikao, mmoja anachepuka, wanne wanajikuta mahali pasipo na jina, na katika kufuata hakuna aliyemshinda Nyundo, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kushika ufagio.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988 na wifi yangu, ambaye alikuwa mkata tiketi wa ukumbi siku ile ya chupa, akamvuta kwa ukosi, akamwingiza kwenye kibanda chake cha tiketi na kufunga kwa ndani, wakakaa humo wamebanana mpaka watu wakatawanyika, na marehemu alikuwa akisema aliingia pale akiwa na damu usoni akatoka akiwa na mchumba. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa 1990, ambaye ni mwalimu, na mvulana aliyezaliwa 1994, ambaye ni fundi wa spika na vyombo vya muziki, na kwa watoto hao baba yao hakugeuka hata siku moja, hilo niliseme wazi, maana lile jina limewaumiza shuleni na mtaani.

Kuhusu ugonjwa wake, tarehe 14 Mei 2016, katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi, marehemu alipanda jukwaani akiwa mzima, na katikati ya wimbo wa pili mkono wake wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, ukaanza kuachia, noti zikatoka zimekatika, na maneno yakaanza kumtoka yakiburuzika kama mtu aliyeamshwa, na mtu mwingine yeyote duniani angesimama kuuliza kulikoni. Lakini wenzake walimjua kwa miaka thelathini na nne kama mtu wa kugeuka, wakafanya walichofundishana, Nyundo akapunguza mwendo kumsubiri, besi ikashuka chini, kinanda kikabaki na noti moja, wakamfuata hatua kwa hatua ndani ya kiharusi wakidhani ni mtindo mpya. Alipokaa juu ya spika walidhani ndio mtindo wenyewe, gitaa lilipoteleza magotini wakanyamaza pamoja naye, ukumbi mzima ukanyamaza, watu wakiusikiliza ukimya ule kama wimbo, kisha wakasimama na kupiga makofi, na ndugu yangu alianguka wakati wa makofi.

Asubuhi yake gazeti liliandika kwamba Kigeugeu amegeuka tena, na kwamba huo ndio muziki wake bora kuliko wote, mwandishi akiwa ameondoka kabla ya kujua kilichotokea, nami nililisoma kwenye benchi la hospitali, nikalichana vipande vipande, na kama mwandishi huyo yumo humu leo, ajue kwamba nililichana. Daktari alitueleza kwa upole kwamba kiharusi kinataka kuwahiwa, na kwamba muda uliopotea ukumbini ndio uliochukua mkono na nusu ya ulimi wake, na wifi yangu alipolisikia hilo alimfuata Nyundo kwenye korido, akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake, na mimi nilisimama upande wa wifi yangu na nilimchukia yule mtu kwa moyo wangu wote.

Kwa miaka mitatu marehemu aliishi kwenye kitanda kilichowekwa chumba cha mbele, karibu na dirisha, mkono wa kushoto umelala, ulimi mzito, nikamgeuzia mashati yake yote, nikatoa vifungo na kuweka kamba za kuvuta, ili aweze kujivalisha kwa mkono mmoja, kwani alikuwa na haya ya kuvalishwa. Hakutaka redio, hakutaka wageni, alilia akisikia gitaa, na ninasema haya bila kuyapunguza kwa sababu ilikuwa miaka mibaya. Nyundo alikuja kila Jumapili, akakaa kwenye ngazi ya nje chini ya dirisha, hakugonga, hakuitwa, jioni ikifika anaondoka, wifi yangu anapita mlango wa uani ili asimwone.

Jumapili moja ya mwaka 2018, nikiwa pale ndani napindua kola, marehemu alichukua kijiko kwa mkono wake mzima akaanza kugonga chuma cha kitanda, mapigo ya stoo, mapigo ya zamani kabisa, na pale nje tukasikia vidole kwenye ngazi vikiitikia, vikaenda pamoja, na kwa mara ya kwanza niliona uso wa ndugu yangu una mtu ndani yake. Kisha marehemu akageuza, ghafla, kama alivyozoea, na vidole vya nje vikasimama. Tukasubiri, havikufuata, badala yake tukasikia hatua, na Nyundo, ambaye katika maisha yake hakuwahi kusimama wala kuuliza, akatia kichwa dirishani machozi yanamtoka, akauliza, kaka, uko mzima. Marehemu alicheka, alicheka mpaka akapaliwa, akanyanyua mkono na kuonyesha kwa kidole ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, na wifi yangu alikwenda akafungua mlango, akampa ufagio huo, na Nyundo akafagia chumba chote, mpaka chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa ndani. Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2019 walikuwa wanagonga kama kawaida, mapigo ya marehemu yakayumba kidogo sana, kiasi ambacho mimi nisingekijua, Nyundo akasimama papo hapo, akauliza, hakujibiwa, akapiga kelele za kuita watu, na ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari la jirani, wakamfikisha hospitali angali anapumua, kiharusi cha pili kikiwa kikubwa kuliko uwezo wa mtu. Madaktari walimpa siku mbili, na katika siku hizo wifi yangu alimshika mkono, watoto walifika, mimi nilimnyoa ndevu, na tarehe 5 Novemba 2019 asubuhi alifariki dunia tukiwa tumemzunguka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliokuwa wakitwambia ukweli hata tulipokuwa hatuutaki, majirani mlioleta viti, maji na magari bila kuombwa, na karakana ya matairi, iliyofunga milango leo. Na sasa nimefika pale nilipoambiwa niruke. Familia inaishukuru Bendi ya Stoo, na inamshukuru Nyundo kwa jina, kwa zile siku mbili alizotupatia, na namwomba atoke kwenye bomba la maji, aje akae hapa mstari wa mbele na sisi, kwa sababu jeneza lina pande nne na upande mmoja hauna mtu.

Shati alilovaa nimelishona mimi, si jeusi wala si jeupe, ni la kitambaa alichokichagua mwenyewe mwaka jana bila kuniambia ni cha muziki gani, nimetoa kamba na kulirudishia vifungo, nimevifunga vyote.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Umegeuka tena, na safari hii hatukufuati, tunasimama hapa, tunauliza.