Jiko la Kuyeyushia Risasi

Mheshimiwa Sheha, Mwalimu Mkuu Bi Nassra, walimu wangu, wazee wetu wa Matemwe, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wadogo zangu mliovaa majoho leo: assalaamu alaykum. Wakubwa nyote, shikamooni.

Jina langu ni Faiza Bakar, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimeombwa niseme kwa niaba ya kaka na dada wa watoto hawa wanaomaliza skuli ya maandalizi. Nimewasikiliza wakisoma sura zao na kutuimbia, na nimewapigia makofi kwa moyo wote. Lakini mmoja wa rika lao hayumo jukwaani. Ni mdogo wangu Ayoub. Yupo pale nyuma, mapajani mwa mama, na ana miaka sita. Ukimwita, haitikii "naam". Hugeuka, akakutazama, basi.

Tulisema mengi juu ya Ayoub. Alichelewa kukaa, akachelewa kwenda, na maneno hayakuja. Tukasema ni jicho la watu. Alifukizwa, akanyweshwa kombe la maji ya aya, tukangoja. Mwaka jana daktari wa mjini aliagiza damu yake na ya mama zipimwe, kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Bi Mwanapili, ulipokuwa na mimba hii, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Mama alijibu kwa fahari. Yeye ni mkulima wa mwani, na alipopata mimba, bibi yangu aliwaambia wanaume, "Mkwe wangu hatokaa tena majini na jua hili. Mwacheni akae jikoni akoroge risasi. Kazi nyepesi."

Nani kati yenu asiyeijua kazi hiyo? Betri mbovu za magari zinavunjwa, risasi iliyomo, yale madini mazito, inayeyushwa sufuriani na kumiminwa kwenye vishimo vya mchanga, na ikipoa inafungwa kwenye nyavu ili zizame. Hufanywa jikoni kwa sababu moto upo, na hupewa mjamzito kwa sababu ni ya kukaa kitako. Mama alikaa kwenye moshi ule mimba nzima, akipika wali kwenye meko hayo hayo, tena akimshukuru mkwewe kwa kumhurumia.

Daktari alieleza kwamba risasi huingia kwa pumzi na kwa chakula, hupita kwenye damu ya mama ikamfikia mtoto tumboni, na ubongo unaojengwa huko hauna kinga nayo. Hakusema kwamba shida yote ya Ayoub imetoka hapo. Alisema hakuna awezaye kuapa. Alisema tu kuwa damu ya wote wawili ina risasi nyingi, na kwamba kilichokwishaharibika hana dawa ya kukirudisha. Mama akauliza, "Hata nikimleta kila wiki?" Daktari akasema, "Hata kila siku."

Baba sasa anazamisha nyavu zake kwa vipande vya saruji. Wenzake wanamtania, "Bakar, unavua au unajenga?" Anacheka nao, na samaki wanaingia.

Lakini mdogo wake, Ami Ubwa, hakuacha. Nilipomwendea kumsihi aache, aliniambia, "Nenda zako, Faiza! Babu yako kayeyusha risasi mpaka kafa mzee, akili timamu. Skuli zenu hizo!"

Nikamjibu, "Babu hakuwa tumboni, ami."

Akanituma maji ya kunywa.

Ami yupo hapa. Mkewe, Mama mdogo Riyama, amekaa pembeni yake. Ni mjamzito, na tangu wiki iliyopita ametolewa kwenye mwani. Wazee wangu, mnajua amekalishwa wapi.

Ami, baba ameniruhusu niseme, na sikukusudia kukuaibisha. Unampenda mkeo, kijiji kizima kinaona. Ndiyo maana hukutaka achoke, ukampa kigoda karibu na moto. Hivyo hivyo ndivyo mama yangu alivyopendwa. Je, tukiwapenda watu wetu kwa namna inayowadhuru, nani atatuambia, kama si wa nyumbani? Hata hawa waliopo jukwaani, wako waliobebwa kwenye moshi kama ule, na hakuna anayejua walipungukiwa nini kabla hatujawaona nyuso zao.

Yaliyompata Ayoub yameshapita. Ya mtoto wa Mama mdogo bado hayajaandikwa yote. Mama yangu ametandika kitanda chumbani kwangu, na anaomba, kwa idhini yako, Mama mdogo aje akae kwetu mpaka ajifungue, tena aanze leo, tukitoka hapa. Nguo zake nitazifuata mimi. Hutahitaji kutoa jibu mbele za watu.

Mwalimu Mkuu, nakushukuru kwa kunipa nafasi hii ukijua nitasema nini. Nanyi nyote ahsanteni kwa kumsikiliza mtoto wenu mpaka mwisho. Ami, mimi na mama tutasimama pale mlangoni, tukimngoja Mama mdogo.