Mama Ushoroba na Sehemu ya Tisa

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumamosi tarehe 6 Juni 1953, mtoto wa tano kati ya saba, katika nyumba ya udongo iliyo ya pili kutoka kisima cha kijiji. Baba yake alikuwa mkulima na mama yake mkunga. Marehemu alipenda kusimulia kwamba siku hiyo mama yake alikuwa ametoka kumzalisha jirani, akarudi nyumbani mbio na kujizalisha mwenyewe. Dada yake mkubwa, ambaye tuko naye hapa, anasema hiyo ni chumvi. "Mimi nilikuwepo. Alizaliwa kama watu wengine, ila alilia kama mtu mwenye hoja."

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1961 hadi 1967, kisha sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1968 hadi 1971. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha uhazili, akahitimu kwa kasi ya maneno sitini kwa dakika. Wajukuu waliowahi kumwona akiandika kwenye kompyuta wanajua kwamba kasi hiyo hakuipoteza, na kwamba kibodi za ofisini kwake hazikudumu, kwa sababu alizigonga kama anapigilia misumari.

Machi 1973 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Mashine aliyopewa ilikuwa na hitilafu: herufi T haikupiga. Barua zake za mwanzo zilizungumzia "embo", mpaka mkuu wa ofisi akamwita.

"Binti, hawa embo ni mnyama gani?"

"Ni tembo, mzee. Mkonga uko kwa fundi."

Fundi mwenyewe alikuwa fundi magari wa ofisi hiyo hiyo, kijana mrefu, mpole, ambaye alijitolea kuitengeneza T ile. Kazi ya saa moja ilimchukua wiki tatu. Alipoulizwa na wajukuu zake sababu, Babu alijibu: "Ningemaliza siku ile ile, kesho yake ningerudi na kisingizio gani?" Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976 na wakajaliwa watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Waliishi pamoja miaka arobaini na minane. Redio ya sebuleni ilikuwa ya Babu, meza ya chakula ilikuwa ya makaratasi ya Bibi, na familia ilijifunza kula sahani zikiwa magotini.

Kwa miaka zaidi ya ishirini marehemu alipiga chapa maombi ya fedha yaliyoandikwa na watu wengine. Aliona yaliyokubaliwa, akaona pia yaliyorudishwa. Mwaka 1993 mdogo wake wa kiume aliuawa na tembo mchana kweupe, akiwa analinda mahindi yake. Wengi walidhani kuanzia hapo angewachukia tembo. Yeye alisema jambo moja tu pale msibani: "Tembo hakumfuata mdogo wangu. Sisi ndio tuliolima mlangoni kwake."

Na ilikuwa kweli. Kati ya mlima na mto kuna ukanda mwembamba ambao tembo huupita kila kiangazi kutoka hifadhini kwenda kunywa maji. Mwaka baada ya mwaka mashamba yaliuingia, moja, jingine, mpaka tembo wakawa hawana pa kupita ila katikati ya mahindi ya watu. Mwaka 1995 marehemu aliacha kazi ya serikali na kuanzisha mradi wa kijiji wa kuufungua ukanda ule.

Kwenye mkutano wa kwanza mtaalamu mmoja alizungumza kwa saa nzima juu ya "ushoroba wa wanyamapori", na watu wakamtazama tu. Marehemu akasimama. "Jamani, ushoroba ni kile kichochoro kati ya nyumba yako na ya jirani. Ukijenga choo katikati, jirani atapita wapi? Si atapitia jikoni kwako?" Watu wakacheka, na kuanzia siku hiyo akaitwa Mama Ushoroba. Hata benki walimwita hivyo.

Lakini kicheko hakijaisha, fundi seremala wa kijiji akanyoosha mkono. "Mama Ushoroba, maneno yako matamu. Shamba lako wewe liko katikati kabisa ya hicho kichochoro. Umeliacha?"

Hakuwa ameliacha. Ekari tatu alizorithi kwa baba yake zilikuwa na mahindi yaliyofika kifuani. Marehemu alikaa chini. Msimu ule alivuna, na hakulilima tena shamba lile mpaka mwisho wa maisha yake. Seremala akafuata kuliacha la kwake, kisha jirani yake, na katika miaka minne familia thelathini na moja zikawa zimekubali kuhamishia kilimo upande wa pili wa barabara. Mradi uliwapa mizinga ya nyuki ya kutundika pembezoni mwa mashamba mapya, maana tembo, kwa ukubwa wake wote, akisikia nyuki anageuza njia.

Fedha za kuanzia zilitokana na fomu moja ambayo familia bado inayo. Ilikuwa ya mfadhili wa nje, kurasa kumi na nne, na marehemu aliijaza mwaka 1996 kwa msaada wa kamusi. Sehemu ya sita iliuliza idadi ya watakaonufaika. Aliandika: "Watu 1,340. Tembo 58." Sehemu ya tisa ilitaka mkakati wa kuondoka, yaani kazi itaendeleaje fedha za mfadhili zikiisha. Marehemu alidhani anaulizwa yeye ataondoka lini. Aliandika: "Siondoki. Nyumba yangu ni ya pili kutoka kisimani."

Baada ya wiki sita simu ya ofisi ya posta ikalia, akaitwa. Alikuwa afisa wa mfadhili, mwanamke, anacheka mpaka anakohoa. "Mama, watu wanatuletea mikakati ya kuondoka ya kurasa kumi. Hii yako ina sentensi mbili, na ndiyo peke yake tuliyoielewa." Wakatoa fedha za miaka mitatu.

Marehemu alieleweshwa kosa lake baadaye, akaona haya sana. Kwa miaka mingi, mtu akimtania alisema tu, "Ile sehemu ya tisa bado nadaiwa."

Aliusimamia mradi hadi 2018, kwa wafadhili wanne tofauti, na miaka miwili bila mfadhili yeyote. Katika miaka hiyo miwili gari lilirudishwa kwa wenyewe, ofisi ikahamia chumba cha nyuma ya duka la dawa, na walinzi wanane wa ushoroba waliendelea kufanya doria kwa miguu kwa sababu yeye alitangulia mbele. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuukiuka: hakuna taarifa iliyotumwa kwa mfadhili kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu waliotajwa humo. Siku moja alisoma kwamba tembo walikula ekari mbili za mkulima fulani. Mkulima akasimama: "Mama, andika moja na nusu. Nusu nyingine tulikula sisi." Akaandika moja na nusu.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka. Alitumia dawa bila kukosa, na kila alipopata nafuu alitembea hadi kwenye ekari zake tatu kuangalia nyayo. Septemba mwaka huu alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja, dirishani. Mjukuu wake wa kike aliyeko kidato cha tatu, aliyezoea kumwita mke mwenza, alikuwa akimwandikia barua zake. Alikuwepo siku mtoto wa kwanza wa marehemu alipokuja na jambo lake. Mtoto huyo mwenyewe ameruhusu liandikwe humu.

"Mama, lile shamba limekaa bure miaka thelathini," alisema. "Sasa lami imefika. Wapangaji wapo, nikijenga vyumba kumi tu vinajaa. Nimeshasimika nguzo za uzio."

Marehemu hakugomba. Alimwambia avute kiti. "Mwanangu, unakumbuka niliandika siondoki? Haya, ona sasa, naondoka. Lile shamba ndiyo sehemu ya tisa. Wewe ukilifunga, hao thelathini na mmoja watafunga ya kwao wiki hiyo hiyo, na watakuwa na haki. Sikulazimishi. Nitakulazimishaje mtu wakati mwenyewe sipo?"

Mtoto wake alimnyooshea shuka, akamwekea maji karibu, akaondoka. Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Mke mwenza, usimkasirikie baba yako mkubwa. Ana watoto wanaosoma. Swali lake ni la haki kabisa."

Alifariki dunia Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mume wake alikuwa amemshika mkono. Jibu la mtoto wake hakulisikia.

Jibu lenyewe lilikuja Alhamisi, tarehe 23. Asubuhi hiyo mtoto wa kwanza alichukua sururu, akaenda shambani peke yake, akaanza kung'oa nguzo. Zilikuwa kumi na sita. Alipofika ya tano, fundi seremala yule yule, ambaye sasa ana miaka themanini, alikuwa anapita na baiskeli yake. Akasimama, akaangalia, akailaza baiskeli majanini. "Hiyo usiivute, itikise kwanza," alisema, akashika upande wa pili. Mchana walikuwa wamemaliza. Jioni watoto wote wanne walikwenda ofisi ya kijiji, wakatia saini kwamba ekari zile hazitauzwa, hazitajengwa wala kuzungushiwa uzio.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, dada yake mkubwa, walinzi wanane waliomwita mama, na familia thelathini na moja ambazo hazijafunga mashamba yao. Ameacha pia tembo themanini na watatu, kwa hesabu ya mwaka huu, ambao wajukuu wameomba wasisahaulike katika orodha, kwa kuwa yeye asingewasahau.

Bibi, sehemu ya tisa imejazwa. Sasa unaweza kuondoka. Pumzika salama, njia iko wazi.