Hakunyimwa Chakula: Maisha ya Mzee Filemon Moshiro (1928–2004)

Marehemu hakufa kwa njaa, wala hakufa kwa ule ugonjwa mnaounong'ona kilabuni. Aliishi na kisukari miaka kumi na minane, na kilichomuua ni nimonia. Mimi Yuditha, mkewe, naanza na hilo kwa kuwa limesemwa hata leo asubuhi, uani kwangu, mkinywa chai yangu.

Filemon Elinisafi Moshiro alizaliwa Mwika tarehe 14 Machi 1928. Alisoma shule ya misheni hapo hapo hadi darasa la nane, kisha akawa karani wa chama cha ushirika cha kahawa hadi alipostaafu mwaka 1983. Tulifunga ndoa tarehe 6 Januari 1955, nikiwa mwalimu.

Mwaka 1986 daktari mjini Moshi alimkuta na kisukari. Hakumwambia ashinde njaa. Alimwambia aache pombe ya mbege, soda na chai ya sukari, na apunguze wanga. Nikampikia kiburu cha maharage mengi na ndizi chache, mboga ya mnafu na dagaa. Akapungua mwili, akapata nguvu. Ndipo maneno yakaanza. Ilikuwa miaka ile sukari ilipoacha kupangiwa foleni, na kila nyumba ikawa inampimia mgeni heshima kwa vijiko. Aliyekataa alionekana anaringa.

Krismasi ya 1994 wifi yangu Mektrida alimhurumia kaka yake, akamtilia vijiko vitatu kwa siri. Marehemu alionja, akaweka kikombe chini.

"Dada, chai yako nzuri. Wape nyuki."

Watu walicheka. Mektrida hakucheka.

"Kaka, huyo mwalimu wako anakumaliza! Tutakuzika kabla ya Pasaka."

Zilipita Pasaka kumi. Akiwa na miaka sabini na sita alipanda kilima kwa miguu kwenda kanisani, na kahawa yake aliipogoa mwenyewe. Wenzake wa rika waliomcheka tuliwazika wengi, naye alishika jeneza.

Aliugua tarehe 2 Juni 2004 na kufariki tarehe 9, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Ameacha mjane, watoto wawili, Ruth na Eliona, wajukuu watano, na dada yake, Mektrida.

Mfuko wa sukari ulioletwa jana kwa ajili ya msiba nimeurudisha. Chai ya leo ni ile aliyokunywa yeye. Anayeona nimemwaibisha marehemu aiache kikombeni.

Lala kwa amani, Baba Ruth. Kuhusu chakula chake sisemi tena, na msiniulize.