Skrini Nzima au Dirisha Dogo

Noah ya abiria ilipotoka Nachingwea, Zulfa alipakata kapu lake la mihogo na hakuwa na nia ya kusikiliza ya watu. Ila vijana wawili wa kiti cha mbele, wote wakiwahi mashindano ya gemu ya magari Ruangwa, walibishana kwa sauti ya mnadani.

“Jaza skrini nzima, kaka,” alisema Sadiki, fundi kompyuta. “Mashine inashughulika na gemu tu.”

Lubasha, mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, akacheka. “Yangu nzee. Nikijaza, inaganda kwenye kona. Kwenye dirisha dogo inachora picha ndogo tu, gari linateleza.”

“Na humo unaona nini?”

“Mimi ng’ombe wangu namtambua akiwa ng’ambo ya bonde.”

Zulfa akauliza kwa upole, “Na mtu akijaza skrini, ila akapunguza ubora wa picha?”

Wakamgeukia kwa huruma. “Inafaa, shangazi,” alisema Sadiki. “Itakuwa na ukungu,” alisema Lubasha, na ubishi ukaanza upya hadi Noah iliposimama Ruangwa.

Zulfa akawapa muhogo mmoja mmoja. Kapuni, chini ya mihogo, ikaonekana laptop iliyofungwa kwenye kanga.

“Tunaanza saa nane, sivyo?” akauliza.